Kuvuta boti ndogo kwa trela bila kuua mashine wala tezi: mwongozo kamili

Boti yangu imegonga mwamba majini mara moja tu. Barabarani imeumia mara tatu, na mara zote tatu stelingi ya gari nlikua nimeshika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Na ukikaa ukafikiria unaona kwa nini, boti imetengenezwa ibebwe na maji, na maji yanaibeba kila mahali kwa usawa, sasa we unaichukua unailaza juu ya mbao mbili na rola tatu, afu nyuma kabisa kwenye tezi (sehemu ya nyuma ya boti) unaning'iniza mashine, chuma cha kilo 40, 70, wengine mpaka 100 na zaidi, afu unaipeleka kwenye matuta na mashimo kwa spidi 80. Hapo lazima kitu kiachie.

Watu wengi wanachoogopa ni boti kudondoka. Sawa, iogope hiyo, ila uharibifu mwingi hauji kwa kudondoka, unakuja kwa kucheza. Mashine inacheza sentimita moja tu juu chini, safari nzima, ubao wa tezi unapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia kwenye ufa, mbao ya ndani inaoza, mwaka unaofuata unakaza bolti unaona inazama kwenye ubao unashangaa imekuaje. Kwa hiyo kila ninachosema humu kina lengo moja, boti na mashine na trela viwe kitu kimoja. Chochote kikicheza, simama ukishughulikie.

Mashine kwanza, maana ndo ghali

Una njia tatu za kusafirisha mashine: kuiacha imeshuka wima kama inavofanya kazi majini, kuiinua na kuiegemeza, au kuifungua kabisa na kuipakia kwenye gari.

Kama inawezekana, iache wima. Ikiwa wima uzito wake unashuka moja kwa moja kwenye ubao wa tezi, ambao ndo kazi yake. Ukiiinua uzito unasogea nyuma, na hapo ni kama mtu anayebeba ndoo ya maji, akiikumbatia kifuani anatembea nayo tu, akinyoosha mkono mbele ndoo ile ile inamshinda hatua kumi. Tezi yako inanyoosha mkono hivo safari nzima, na kila shimo ni kama mtu anaongeza maji kwenye ndoo.

Shida ya kuiacha wima ni pezi la chini, lile lililo chini ya propela, linakua karibu na ardhi. Usikadirie kwa macho, pima. Pima boti ikiwa imepakiwa kila kitu na watu wako ndani ya gari, kwa sababu gari likilemewa nyuma hesabu zote zinabadilika. Mi nikipata chini ya sentimita 30 siendi nayo wima. Na hata ukiwa na 30 kumbuka mashine iko mbali nyuma ya magurudumu, kwa hiyo gari linapoanza kupanda mwinuko wa ghafla, mfano kuingia getini au kupanda kwenye kivuko, tezi inashuka chini na pezi linaweza kulima lami. Sehemu kama hizo unainua mashine kwa muda, unapita pole pole, unashusha tena.

Ukilazimika kuiinua, soma hapa vizuri maana hapa ndo nlipopigwa mimi. Karibu kila mashine ina kile kiloki kidogo cha pembeni kinachoishikilia ikiwa imeinuliwa. Kinakaa poa sana, kinaonekana kigumu, unadhani kimewekwa kwa ajili ya safari. Hapana! Kile ni cha boti ikiwa imeegeshwa, au ukiwa unatoa majani kwenye propela. Vitabu vya mashine, mfano Yamaha, vinakataza kabisa kukitumia barabarani kwa sababu mashine ikirukaruka inaweza kuchomoka ikashuka kwa kishindo. Mi sikusoma kitabu. Nlienda kama kilomita 60 za barabara ya vumbi yenye makunyanzi, nafika nakuta kiloki kimekatika, mashine imejishusha yenyewe, pezi limelika kama penseli iliyochongwa na ubao wa tezi una nyufa mbili zinazoanzia kwenye matundu ya bolti. Kiloki chenyewe bei yake ndogo. Ubao wa tezi ndo ulinifanya nisiende majini msimu mzima.

Kinachotakiwa ni tegemeo. Ziko aina mbili na watu hubishana sana ipi bora.

Ya kwanza ni fimbo inayotoka kwenye fremu ya trela, kawaida kwenye rola ya mwisho nyuma, mpaka kwenye mguu wa mashine (ile sehemu ndefu inayoshuka mpaka kwenye propela), na juu ina kichwa cha umbo la V chenye raba. Unaweka fimbo, unashusha mashine taratibu mpaka mguu ukae kwenye ile V kwa uzito wake, afu unafunga mpira au mkanda isichomoke. Ya pili ni kipande kinachokaa kwenye mashine yenyewe, kati ya mabano yanayoishika kwenye tezi na ile silinda ya haidroliki inayoiinua, hakigusi trela, kinazuia tu mashine isishuke na haidroliki isipigwe mishtuko.

Fimbo inapunguza mzigo kwenye tezi, na mi naipenda zaidi, lakini ina sharti moja ambalo watu hawasemi. Tezi lazima iwe imefungwa chini kwenye trela kwa mikanda, imekazwa haswa. Kama tezi inaruka hata kidogo na fimbo imekaa kwenye fremu ngumu ya trela, basi kila tuta fimbo inakua nyundo, inagonga mguu wa mashine kutokea chini, na hapo bora usingeiweka. Kwa trela nyepesi ambazo fremu inapinda pinda ukizitazama kwenye kioo, chukua hiyo aina ya pili.

Huna hela ya tegemeo la dukani? Kata mbao ngumu ya inchi 2 kwa 4, upande mmoja ikate umbo la V, V uifunike kwa mpira wa tyubu ya zamani, upande wa pili toboa upitishe kamba ya kufungia kwenye trela isiteleze. Inafanya kazi vizuri tu, ila pima urefu mashine ikiwa imeinuliwa kiasi cha kuacha nafasi chini na sio zaidi. Ukiinua mpaka mwisho unaongeza ule mkono wa ndoo bure.

Wenye mashine za kuinuka kwa swichi msijidanganye kwamba haidroliki itashikilia yenyewe. Mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda ni magumu kama nondo, mshtuko wote unapita kwenda kwenye tezi, na kama sili (raba ya kuzibia) imechoka kidogo mashine inashuka taratibu bila we kujua.

Kuna na kucheza kwa pembeni. Mashine isiyofungwa inapiga kushoto kulia kila kona, na kama boti yako ina usukani basi ile kebo na viungo vyake vinasagika bure. Mashine ya mkono, yaani unayoiongoza kwa kushika mkono wake, kaza ile skrubu ya kulegeza na kukaza mzunguko, afu funga kamba mkono wa mashine kwenye pande zote mbili za boti. Ya usukani weka kipande cha mpira au klipu kwenye nondo ya stelingi ya mashine isizunguke.

Halafu skrubu za kubana. Mashine ndogo zinashikwa na skrubu mbili za kukaza kwa mkono, na ubao ukiwa wa mbao unavimba ukilowa unanywea ukikauka, kwa hiyo skrubu iliyokaza jana majini leo barabarani imelegea. Kaza kabla ya kuondoka, kaza tena ukisimama mara ya kwanza. Weka na mnyororo au waya wa chuma kutoka kwenye mashine mpaka kwenye boti ili zikiachia zote mbili isiende kumpiga anayekufuata. Kuanzia nguvu ya farasi 20 kwenda juu mi siamini skrubu peke yake, piga bolti za kutoboa ubao na uzipake silikoni ya baharini kwenye matundu maji yasiingie.

Mashine ndogo kabisa, yaani ile ambayo mtu mmoja au wawili wanaibeba, ifungue. Basi. Dakika tano na umemaliza ubishi wote wa fimbo. Ila kuna namna ya kuilaza. Kwanza iache wima dakika kadhaa mpaka maji yote yatoke, kwa sababu ukiilaza ina maji ndani na kichwa kikawa chini kuliko mguu, maji yanarudi kupitia njia ya moshi yanaingia kwenye silinda, na hapo ni kutu kwa kwenda mbele. Kwa hiyo kichwa kiwe juu kidogo ya mguu siku zote. Pili, kama ni mashine ya oili ya peke yake, hizi wanaita foo stroku, haziendi upande wowote ule, ilaze upande uliooneshwa kwenye stika au kitabu, ukikosea oili inatoka kwenye karta (bakuli lake la oili) inaingia kwenye silinda au kabureta na ukiiwasha inakohoa moshi mweupe, au haiwaki kabisa. Too stroku, zile ambazo oili inaungua pamoja na petroli, hazina shida hiyo, ila laza juu ya godoro la zamani au raba, sio juu ya bati. Na usiilaze ikiwa bado ina petroli kwenye kabureta, chomoa mpira wa mafuta iache izunguke mpaka izimike yenyewe ukiwa bado majini.

Mafuta

Chomoa mpira wa mafuta pande zote, tankini na kwenye mashine. Ukiuacha umechomekwa, jua likipasha tanki presha inasukuma petroli kwenda kwenye kabureta, inafurika, unafika harufu imejaa. Tanki la kubebeka funga kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko, na usilijaze pomoni, petroli inatanuka na joto, tanki la lita 25 likipanda joto nyuzi 20 inaongezeka karibu nusu lita, na hiyo nusu lita lazima iende sehemu. Lifunge lisiteleze. Betri nayo ifunge kwenye boksi lake, nyaya zichomoe na vichwa vyake vifunike.

Boti inavyokaa juu ya trela

Hapa kuna kosa moja linaloua boti za faiba taratibu na mwenyewe hajui. Zile mbao ndefu za kulalia boti lazima zifike mpaka chini ya ubao wa tezi kabisa. Zikiishia sentimita 20 au 30 kabla, tezi pamoja na mashine yake inabaki inaning'inia hewani, na baada ya miezi sakafu ya boti inapinda kidogo pale mbao inapoishia, inatengeneza bonde. Ukiiangalia haraka huoni, chukua rula ndefu iliyonyooka uiweke chini ya boti karibu na tezi ndo utaona mwanga unapita. Boti ya namna hiyo majini pua inazama hata ukiongeza moto, na watu wanahangaika kubadilisha propela wakati ugonjwa uko kwenye trela. Dawa ni kusogeza boti mbele, au kusogeza nguzo ya winchi (ile ya mbele yenye kifaa cha kuvutia boti), au kubadilisha mbao ziwe ndefu.

Rola nazo ziangalie, rola iliyokauka ikapasuka inabeba boti kwenye sehemu ndogo kama kidole, na kwa faiba hiyo inaleta nyufa za nyota kwenye ile rangi ngumu ya juu. Mkuku, ule uti wa chini wa boti, ukae katikati ya rola zote, sio uguse ya mbele na ya nyuma huku za kati zinazunguka bure.

Wenye boti za alumini kuna hili la kwenu peke yenu: mbao zilizowekwa dawa ya shaba ya kuzuia mchwa na kuoza zinakula alumini, hasa zikilowa maji ya chumvi, na kapeti iliyofunika mbao inashika chumvi na mchanga muda wote kama kitambaa kilicholowa. Tumia mbao isiyo na dawa hiyo au weka plastiki ngumu kati yake. Boti za kujaza upepo zichunguze kila zinapogusana na chuma, na zikikaa kwenye jua kali punguza upepo kidogo. Za mbao zikikaa juani siku nyingi viungo vinakauka na kufunguka, zifunike na ukifika ziache majini zivimbe kwanza kabla ya kupakia watu.

Na toa maji ndani ya boti kabla ya kuivuta. Lita moja ni kilo moja. Maji ya kufika kifundoni tu ni mamia ya kilo yanayokimbia nyuma na mbele kila ukishika breki. Chomoa kizibo cha chini safari nzima, kitundike kwenye funguo za mashine ili usiweze kuwasha kabla ya kukikumbuka.

Kufunga

Winchi sio kifungo. Narudia, winchi kazi yake ni kupandisha boti, meno yake ni madogo na mkanda wake unachakaa juani. Pua ivute mpaka iguse ile raba ya mbele, afu ongeza mnyororo mfupi au mkanda wa pili kutoka kwenye pete ya pua kwenda kwenye fremu ya trela, uelekee chini, kwa sababu ukifunga breki ya ghafla boti inataka kupanda juu ya nguzo ya winchi na kuja kukusalimia.

Nyuma weka mikanda miwili ya racheti, kutoka kila pete ya tezi moja kwa moja kwenda kwenye fremu chini yake. Mifupi na iliyonyooka. Kaza mpaka springi za trela zianze kushuka kidogo, hapo ndo boti na trela vimeoana. Mkanda mmoja wa kupita juu ya boti katikati sio mbadala, unaponda kingo za boti na bado tezi inaruka, kama unautumia kama nyongeza weka taulo au raba pale unapogusa ukingo. Kila mkanda uzungushe mara moja kabla ya kufunga, mkanda uliolala bapa upepo unautetemesha unavuma kama nyuki na unajisaga, uliosokotwa hauvumi. Mkia unaobaki ufunge, usiache upepee.

Kama unatumia kamba, ya naironi inavutika, na ikilowa inavutika zaidi, kwa hiyo unakaza asubuhi mvua inanyesha saa nne imelegea. Ya polyesta inavutika kidogo sana, hiyo ndo yenyewe.

Turubai: liwe limekaza au lisiwepo. Turubai linalopiga piga kwa kilomita 200 linafanya kazi ya msasa, linatoa mng'ao wote pembeni. Hata ule mfuko wa plastiki watu wanaofunika nao kichwa cha mashine siupendi, unapiga rangi na unafuga unyevu. Kichwa cha mashine kina kava yake, hakikisha tu vile vifungio vimekaza. Propela ifunge kitambaa chekundu au kiwe na kava inayoonekana, maana iko usawa wa bodaboda na baiskeli nyuma yako, na sheria za vitu vinavyotokeza nyuma zinatofautiana kwa hiyo angalia za kwako.

Trela yenyewe

Beringi, beringi, beringi. Boti nyingi unazoziona zimelala pembeni ya barabara ni beringi. Sababu yake ni ya ajabu kidogo: unafika majini habu (vitovu vya magurudumu, zinamokaa beringi) ziko moto, unaziingiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupita kwenye sili. Maji yanachanganyika na grisi, beringi inapata kutu ukiwa umelala nyumbani, safari inayofuata inajikata. Dawa ya kwanza ni ya bure, ukifika subiri habu zipoe kabla ya kurudisha trela majini, tumia muda huo kufungua mikanda na kupakia vitu. Ya pili ni grisi ya baharini isiyooshwa na maji, fungua habu angalau mara moja kwa mwaka, kama unaingia maji ya chumvi fanya zaidi, safisha yote ya zamani maana grisi za aina mbili zikichanganyika zinaweza kuyeyuka. Unapofunga kaza nati huku unazungusha gurudumu, afu regeza kidogo mpaka lizunguke huru bila kucheza, weka pini mpya. Kama habu zako zina vile vikofia vya springi vya kupampu grisi usipampu kama mwendawazimu, ukizidisha unasukuma sili ya nyuma inatoka na grisi inarukia breki.

Matairi ya trela yanakufa kwa uzee kabla ya kuisha kashata, kwa sababu yanakaa juani miezi bila kuzunguka. Pembeni ya tairi kuna namba nne, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakipita miaka sita mi natoa hata kama yanang'aa. Jaza upepo yakiwa ya baridi, kwa kiwango cha mtengenezaji, tairi lenye upepo kidogo linapata joto na ndo linapasuka. Gurudumu la akiba liwepo, na jeki ijaribu nyumbani kwanza, jeki ya gari mara nyingi haiingii chini ya ekseli ya trela.

Sasa kile kichwa cha mviringo nyuma ya gari na kikombe cha trela. Kuna vichwa vya milimita 50 na kuna vya inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na vya inchi 1 na 7/8 ambayo ni kama 47.6. Kwa macho vyote ni kitu kimoja. Kichwa kidogo kwenye kikombe kikubwa kinafunga, kinasikika klik, na kwenye tuta la kwanza kubwa kinachomoka. Soma namba zilizogongwa juu yake. Afu jaribu hivi: ukishafunga, inua shingo ya trela (ule mkono wake wa mbele unaoshikana na gari) kwa jeki yake ya mbele mpaka nyuma ya gari ianze kunyanyuka, kikombe kikibaki kimeshika basi kimefunga kweli. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami.

Taa hazina mengi: jaribu indiketa, breki na za usiku na mtu amesimama nyuma. Zikiwaka kiajabu ajabu, mfano ukiweka indiketa zinawaka zote hafifu, tatizo karibu siku zote ni waya wa hasi, kwangua kutu pale unapofungwa kwenye fremu.

Kitu cha mwisho kabla ya kuondoka ni uzito wa shingo. Boti ikikaa nyuma sana shingo inakua nyepesi na trela inaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Chukua mizani ya kupimia watu, iweke chini ya shingo ikiwa usawa wake wa kawaida, na uisome. Kwa boti ndogo nalenga asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote, yaani trela na boti vikiwa kilo 600 pale mbele nitake kilo 30 mpaka 60, ila usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye gari lako. Ukipata ndogo sogeza tanki la mafuta, nanga na betri mbele kidogo ya ekseli. Mashine yako ikibadilishwa kutoka too stroku kwenda foo stroku pima upya, zinaongeza kilo nyingi nyuma kabisa.

Njiani

Simama baada ya kilomita 15 au 20. Hii ndo simama muhimu kuliko zote, mikanda imeshajipanga na sasa imelegea. Kaza. Shika kila habu kwa mkono, ya vuguvugu ni sawa, ambayo huwezi kuiacha mkono juu yake ina tatizo, na moja ikiwa moto kuliko mwenzake hata kama inashikika iwekee alama. Tikisa mashine kwa mkono, kama inatikisika peke yake bila boti na trela kutikisika nayo, rudi ulipokosea. Baada ya hapo simama kila saa moja hivi.

Matutani pita kwa mwendo wa kutembea. Gari lako lina shokapu, trela nyingi ndogo hazina, kwa hiyo we unaona laini huku nyuma kuna vita. Kona kata kwa upana maana magurudumu ya trela yanapita ndani zaidi ya ya gari. Ikianza kuyumba usikanyage breki na usijaribu kuikimbia, achia mafuta taratibu na shika stelingi imenyooka mpaka itulie, afu simama urekebishe uzito, usiendelee ukitumaini.

Ukifika na ukitoka

Kabla ya kurudi nyuma majini: kizibo weka, mikanda ya tezi fungua, fimbo ya mashine toa lakini mashine ibaki juu, plagi ya taa chomoa kama ni taa za balbu maana balbu ya moto ikizama inapasuka. Mkanda wa winchi na mnyororo wa pua viache mpaka boti ifike kwenye maji. Kuna watu wamefungua mapema kwenye mteremko wenye utelezi, boti ikashuka yenyewe ikalala kwenye zege.

Ukitoa fanya kinyume chake, inua mashine kabla ya kuvuta, ukishatoka kabisa ishushe wima imwage maji yote, chomoa kizibo, toa majani na konokono wote kwenye propela na kwenye trela usije ukawapeleka maji mengine, afu ndo uinue tena na kuweka tegemeo. Sehemu zenye baridi ya kugandisha kushusha huku ni lazima, maji yakigandia ndani ya mguu yanapasua chuma.

Nyumbani osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mashine izungushe kwa maji ya bomba kwa vile vikombe vya masikio (vya raba, vinavyobana mguu pale maji yanapoingilia) mpaka maji yanayotoka yawe safi, na iache imeshuka wima hapo hapo kwenye trela, usiiache juu ya fimbo wiki nzima. Mikanda legeza kidogo. Kesho yake asubuhi mashine ikiwa imetulia, weka kikopo chini, legeza skrubu ya chini ya oili ya gia uache matone machache yatoke. Oili safi ni sawa, funga. Ikitoka maji kwanza, au ikiwa na rangi ya maziwa, sili imepitisha maji, inawezekana pezi liligonga sehemu au kamba ya mshipi imejisokota nyuma ya propela ikaikata, na mashine hiyo isirudi majini mpaka sili ibadilishwe.